Neno la Mlangoni

Chumba cha Pasi,
Duka la Dobi, ghorofa ya chini,
Nyuma ya soko kuu.

Jumatatu, 2 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako, salamu nyingi kuliko mashati yaliyonizunguka hapa ninapoandika. Hujambo? Unalala vizuri? Miguu imepungua kuvimba, au bado unavaa viatu vya kuazima? Wifi yangu hajambo? Na binti yako, hajambo pamoja na hayo aliyonifanyia? Habari zake ziko mbele kidogo, mwambie asikimbie.

Huku wote ni wazima. Shemeji yako anakohoa asubuhi na kusema si kikohozi. Watoto wako makazini kwao, wanapiga simu wakikumbuka. Mimi ukiniona barabarani utasema huyu mama hana neno. Lakini ndani, Kijiko, naogopa. Nimelitanguliza hilo ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Naogopa asubuhi, naogopa mchana, naogopa nikiwa na kijiko cha chai mkononi.

Kwenye simu hatusemi haya. Wewe huanza utani kwamba figo la mpiga pasi limezoea mvuke, kwa hiyo likiingia mwilini mwako utaanza kutoa moshi masikioni. Tunacheka, tunaagana. Nikishakata simu naketi juu ya kapu la mashuka, siinuki mpaka niitwe. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Kuna mteja wetu, nesi mwenye koti la kijani, anasafiri keshokutwa kuja huko uliko, na amekubali kuibeba barua hii. Binti yako ameniambia kwamba siku za mashine ya kusafisha damu unalazwa saa nne nzima bila ruhusa ya kugeuka. Basi isome hapo, kwa kuwa huna pa kukimbilia.

Umenikumbusha mara tatu nije na koti lako la kijivu. Nimesikia, mimi si kiziwi. Jibu lake liko mwishoni. Usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukiruka vipindi.

Sasa habari za binti yako. Unajua ni yeye aliyenijazia fomu ya viza, akiwa huko huko, kwenye kompyuta. Mahali palipouliza mwombaji ahojiwe kwa lugha gani, mtoto akatia alama kwenye Kiingereza. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu kwa sauti tamu, "Shangazi, nilitaka uonekane msomi." Msomi! Mimi ambaye Kiingereza changu chote kimetoka kwenye lebo za nguo! Usikamue. Usichemshe. Usianike juani. Ni Kiingereza cha kukataza tu, Kijiko, na miaka ishirini na sita kimenitosha.

Shemeji yako alipiga simu ubalozini kuomba wabadilishe. Wakamwambia inawezekana, ila lazima tuifute ile siku ya mahojiano tupange foleni upya, na nafasi iliyo karibu ni Septemba. Daktari wako alishasema Septemba ni mbali. Upasuaji umepangwa Juni tarehe 23, na ukisogezwa, hakuna anayejua mwili wako unasogea nao mpaka wapi. Nilikaa nikahesabu wiki. Zilikuwa sita. Katika wiki sita mwanamke wa miaka hamsini na moja ajifunze kuzungumza na ofisa nyuma ya kioo, la sivyo mdogo wake abaki kwenye mashine mpaka mashine imchoke.

Nikamwendea Bwana Kola. Humjui, alianza kuja baada ya wewe kuondoka. Ni mwalimu mstaafu, mteja wetu wa kila Jumanne, na tumempa jina hilo kwa sababu kola yake ikilegea hata kidogo, shati linarudishwa. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja na mpaka leo akipewa karatasi yoyote huitoa kalamu mfukoni kwanza. Nikamweleza shida yangu huku nimeshika pasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wakati uliopita achana nao. Wale hawana haja na uliyoyafanya. Wanataka kujua utafanya nini. Kwa hiyo, bibie, tunaanza na wakati ujao."

Kijiko, sikuupenda mwanzo huo. Wewe unajua kwa nini, au nadhani unajua. Nilitamani aanze na kitu kingine chochote, hata hesabu.

Basi tukawa tunasoma saa ya mapumziko, kwenye meza ya tatu, ile iliyo karibu na dirisha. Alichukua chaki ya kuwekea alama nguo, akatandaza shati lake mwenyewe, akachora mstari kutoka begani mpaka kwenye kifungo cha mkono. Begani akaandika leo, kwenye kifungo akaandika kesho. Akasema Waingereza hawana ujao mmoja, wanao kadhaa, na kila mmoja una kazi yake kama brashi zetu. Kuna ule wa kuamua papo hapo na wa kutoa ahadi. Kuna wa jambo lililokwisha kupangwa: shati likishalala juu ya meza na pasi imeshika moto, hilo halihitaji mtabiri, linaelekea kupigwa pasi. Kuna wa jambo utakalokuwa katikati yake: kesho saa nne nitakuwa ninapiga pasi mashuka ya hospitali. Na kuna wa jambo litakalokuwa limekwisha: ifikapo saa kumi nitakuwa nimemaliza mikono yote.

Huo wa mwisho niliupenda hata nikauogopa. Unasimama ng'ambo ya jambo, unageuka, unaliona limeshapita na wewe u mzima. Bwana Kola akaniambia nitunge sentensi yangu. Nikatunga kwamba ifikapo Agosti mdogo wangu atakuwa amepona. Akasema sahihi kabisa, rudia. Sikurudia. Nilisingizia pasi inawaka, nikampa mgongo.

Na kweli iliwaka siku nyingine. Nilikuwa nanong'ona masomo yangu huku napiga pasi, nimezama, ninakwenda kufanya hiki, ninakwenda kufanya kile, harufu ikanizindua. Lilikuwa shati lake jeupe, na mgongoni alama ya pasi nzima, hata matundu ya mvuke yanahesabika. Niliona dunia imekwisha. Alipokuja akaligeuza, akalitazama, akasema atalivaa ndani ya koti, ila sentensi niliyokuwa nikiisema iwe angalau haina makosa. Ilikuwa na makosa mawili.

Wiki ya tatu nilikuwa nimeanza kuchangamka. Wenzangu chumba cha pasi wakawa wananiita Mama Ubalozi. Nilikuwa naweza kueleza kwamba ninakwenda kumpa mdogo wangu figo, kwamba nitakaa wiki nane, kwamba nitafikia nyumbani kwake. Yalinitoka kwa shida lakini yalitoka, kwa sababu ni ya lugha ya watu, hayakunigusa sana. Ndipo Bwana Kola akajifanya ofisa. Akakaa upande wa pili wa meza, akavuta shuka likawa kama kizuizi kati yetu, akauliza hili na lile, nikajibu. Akauliza, baada ya wiki nane utarudi?

Nikanyamaza.

Akadhani sikusikia. Akauliza tena, polepole. Nikatazama chini. Maneno nilikuwa nayo, Kijiko, yote manne, nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja. Nikakifumba hicho kiganja. Akauliza mara ya tatu, kisha akaweka kalamu chini na kuishusha sauti. "Bibie, niambie kweli. Unataka kutoroka?"

Hapo ndipo nilipoelewa ofisa naye ataona nini. Ataona mwanamke anayeulizwa kama anarudi kwao, na anatazama chini. Jasho likanitoka, na mvuke haukuwa umefunguliwa.

Ikabidi nimweleze. Na wewe nakueleza, kwa maana ulikuwa na miaka minne na sijui umebaki na nini kichwani. Baba alikuwa fundi wa paa. Jumamosi ile alisimama mlangoni na ngazi begani, akamwambia Mama, "Nitarudi saa kumi. Msile bila mimi." Mama akapakua, akafunika sahani kwa sahani. Saa kumi ikapita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, njaa inaniuma, nikafunua sahani yangu nikala kijiko kimoja kwa siri. Jioni wakaja wenzake wawili wamebeba ile ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma, na Baba hayupo. Alianguka kutoka paa la ghala. Miaka mingi niliamini kile kijiko changu ndicho kilichomwangusha. Hilo sijawahi kumwambia mtu, hata shemeji yako.

Tangu hapo Mama hakutaka kulisikia hilo neno. Siku moja nilikuwa natoka kwenda kuazima chumvi, nikasema, "Narudi sa—" hapana, nilisema lile lenyewe, kwa uzembe tu. Alinizaba kibao cha mdomo, kisha akanikumbatia akalia kuliko mimi niliyepigwa. Tukajifunza. Kwetu mtu akitoka husema "natoka", basi. Watu husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mama alisema kwetu lisemwalo huondoka.

Na tabia haikuishia nyumbani. Hapa kazini mteja akiniuliza nguo yake itakuwa tayari lini, namwambia, "Pitia Ijumaa." Miaka ishirini na sita sijamwahidi mtu hata leso. Wenzangu wanadhani ni maringo.

Wewe nawe siku ile ulisimama mlangoni na begi moja, umeinamisha kichwa, ukasema, "Natoka, Dada." Kama mtu anayekwenda kununua kiberiti. Ni miaka kumi na tisa sasa. Mama alikaa kwenye kiti cha dirishani mpaka alipotutoka, na hakuwahi kuuliza hata mara moja unakuja lini, maana jibu alishatukataza yeye mwenyewe. Mimi sikulaumu. Hapana, ngoja, nakulaumu kidogo. Hukuahidi, kwa hiyo hukuvunja ahadi yoyote, lakini asiyeahidi hulala usingizi mzuri kuliko anayengoja. Haya, nimelitoa, tuendelee.

Bwana Kola alinisikiliza, akafuta miwani yake kwa ncha ya shuka la mteja, akasema, "Hilo si tatizo la Kiingereza, bibie. Dawa yake sina." Alichoweza ni kunifundisha njia ya kuzunguka. Nikiulizwa, nijibu kwamba kazi yangu iko hapa, mume wangu yuko hapa, watoto wangu wako hapa. Nikayakariri hayo mpaka nikayaota.

Shemeji yako naye akataka kusaidia. Jioni akanisimamisha uani, yeye akaingia jikoni akatoa uso kwenye nondo za dirisha, kavaa miwani ya kusomea, kakunja uso. Kiingereza chake ni maneno mawili, "yes" na "next", na aliyatumia yote. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha kicheko kikageuka, nikawa nalia, akatoka mbio na mwiko mkononi hajui la kufanya. Akaniuliza kama naogopa mahojiano au naogopa kisu. Nikamwambia sijui, vyote vimekuja pamoja, siwezi kuvitenganisha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne iliyopita. Nilivaa gauni langu la bluu, nimelipiga pasi mara mbili na bado nikaona mikunjo. Ukumbi una viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni, na ubaridi wa mashine unakupuliza kisogoni. Namba yangu ilikuwa arobaini na saba. Mbele yangu alikuwa mwanamume mmoja mwenye suti nzuri kabisa, suti iliyopigwa pasi na mtu anayejua kazi. Akaenda dirishani, hakukaa hata dakika tano, akarudi akipita mbele yetu na karatasi mkononi, machozi yanamtiririka bila sauti. Baada yake ikaitwa namba yangu. Nikajikung'uta gauni, nikaenda.

Ofisa alikuwa msichana tu, umri wa binti yako, ana mafua, na boksi la tishu pembeni. Sauti yake ilikuwa inatoka kwenye kitundu. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia. Akauliza nitakaa muda gani, nikamwambia. Akaomba barua ya hospitali, nikaipitisha chini ya kioo. Akasoma. Akapenga kamasi. Kisha akaniuliza kama nitarudi.

Nikatoa yale ya Bwana Kola. Kazi yangu iko hapa, mume wangu yuko hapa, watoto wangu wako hapa. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akasema hilo silo aliloniuliza. Akarudia swali, neno kwa neno.

Kijiko, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya ngazi. Masikio yaliziba. Nikaona uso wangu kwenye kioo, na nikaona kiganja changu kimefunika mdomo wangu. Nilikuwa nimejiziba mwenyewe, bila kujua. Yule msichana akaniuliza kitu, nadhani aliuliza kama naumwa. Nikafikiri juu yako ulivyokuwa simuni Jumapili, ulipotoka kwenye mashine, sauti imekwisha mpaka ukawa unanitania kwa kunong'ona. Nikaushika mkono wangu kwa mkono wa pili, nikauondoa mdomoni. Nikasema, "I will come back." Mara ya kwanza nililisema chini chini, kama mtu anayekiri wizi. Nikaona halikutosha, nikalisema tena. Mara ya tatu nilipiga kelele, Mungu anisamehe, mlinzi aligeuka, ukumbi mzima ukanitazama. Kisha nikalia pale pale dirishani, mtu mzima mimi. Yule msichana akachomoa tishu mbili akanipitishia chini ya kioo, ile njia ya barua. Akaandika kwenye kompyuta yake muda mrefu sana. Akabaki na pasipoti, akaniambia nije Ijumaa.

Siku tatu hizo usiziulize. Nilipiga pasi suruali moja nikaitia mistari miwili kwenye mguu mmoja.

Ijumaa wakanipa bahasha. Niliogopa kuifungua, nikaibeba mpaka nyumbani, akaifungua shemeji yako. Viza imo, Kijiko. Imebandikwa na picha yangu, nimetoa macho kama niliyemwaga chai kwenye shati la harusi. Kwenye simu nilikuambia "imetoka" nikakata, ukadhani ni mtandao. Haikuwa mtandao.

Kwa sababu sasa nimelisema. Unanielewa? Baba alilisema mara moja tu mlangoni. Mimi nimelisema mara tatu, kwa sauti, mbele ya mlinzi. Tangu siku hiyo nikipita chini ya ngazi moyo unanilipuka. Daktari wa hapa aliyenipima alinieleza yote kwa upole: utalazwa, utavutishwa dawa, utalala, watakukata hapa ubavuni, utaamka, utakaa siku tano. Nikamuuliza amejuaje kwamba naamka. Akacheka. Mimi sikucheka, nilitaka jibu. Akasema ni wachache sana wasioamka. Wachache sana ni wangapi, na je, wao waliagaje mlangoni kwao? Hilo sikumuuliza.

Usinielewe vibaya. Nia yangu haijarudi nyuma hata unyayo mmoja. Maji nimeyavulia nguo. Na ukithubutu kuniambia "Dada, acha basi, baki," nakuzaba kibao huko huko mbele ya manesi wako. Figo ni lako, nimelifuga tu. Nimetaka ujue kwamba anayekuja si shujaa. Anayekuja ni mwoga, ameshikilia nguzo, na anakuja hivyo hivyo.

Sasa koti.

Nyuma ya mtambo wa mvuke tuna reli moja ya nguo ambazo wenyewe hawakuzifuata. Wenzangu wanaiita reli ya waliosahau. Nguo ikimaliza mwaka hutolewa. Koti lako liko pale mwaka wa kumi na tisa. Uliniletea jioni moja kabla ya kuondoka, ukasema lipigwe pasi tu, mikono imekunjamana. Kikaratasi chake cha namba bado kimebanwa kwenye ukosi, nimekiandika kwa mkono wangu: Kijiko, koti moja, kijivu. Kwenye nafasi ya siku ya kuchukua hakuna kitu. Mameneja watatu wamepita hapa, kila mmoja ameuliza hili la nani, na kila mmoja nimemwambia mwenyewe yuko njiani. Kila Januari nalipiga brashi.

Leo asubuhi nimelishusha, nikalipiga pasi, nikalikunja ili nilitie kwenye sanduku. Nikalikunjua. Nikalikunja tena. Nikafikiri, nikishamletea hili, huyu ana nini tena kilichobaki kwetu? Figo langu anakuwa nalo, koti lake analo, basi mlango wetu anaufuata nini? Nikalirudisha kwenye reli.

Halafu nikachukua lile gauni langu la bluu, nimeshalifua, nikalitundika ubavuni mwa koti lako. Nikachukua kikaratasi kama cha mteja yeyote, nikaandika: gauni moja, bluu. Kwenye nafasi ya siku nikaandika, Jumatatu, Agosti 11, nitalichukua mwenyewe. Nimekaa miaka ishirini na sita kwenye duka hili, na hilo ndilo neno la kwanza la namna hiyo nililobandika kwenye nguo. Mwandiko umepinda, ila unasomeka. Bwana Kola anapitia kesho, na nikimjua, hapiti bila kulikagua.

Koti lako sikuletei. Kikaratasi chako nimekiacha wazi vilevile. Siwezi kukujazia.

Kwa hiyo nikitua, usije na maua wala na utani. Mwache wifi yangu aje na utani, yeye anaweza. Wewe, kabla hawajatusukuma kila mmoja na chumba chake, niambie siku. Iwe hata ya miaka mitatu ijayo, hata ukiisema kwa kunong'ona. Niambie utarudi lini nyumbani, ulisimamie kaburi la Mama, uchukue koti lako. Najua unaogopa kulisema, tumezaliwa tumbo moja. Mimi nimelisema kwanza, nimekutangulia kama nilivyokutangulia kuvuka barabara, na mpaka hivi leo ninapokuandikia sijaanguka.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie mto wa kulalia nauleta mwenyewe. Msalimie binti yako msomi. Shemeji yako anakusalimu na anasema "next". Shangazi mkubwa anakuombea asubuhi na jioni, watoto wangu wote wanakusalimu mjomba wao. Mungu akulinde kwenye hiyo mashine, aipe mashine subira, na auongoze mkono wa huyo wa kunikata.

Natoka Jumamosi, tarehe 14, Kijiko.

Nitarudi.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata akitetemeka,

Dada